Kilomita Kumi Ambazo Sikukimbia

Nilipoajiriwa kwenye shamba la maua kule Timau, kazi yangu ilikuwa kupanga waridi kwa urefu. Unachukua ua, unalilaza kwenye ubao uliopigwa mistari, unaona ni refu au fupi, unaliweka kwenye fungu lake, unachukua lingine. Pakhausi, yaani lile jumba la kupangia na kufungia maua, lilikuwa na baridi kama ndani ya friji, kwa sababu waridi likipata joto hufunguka kabla halijafika Ulaya. Tulivaa gambuti, makoti mawili mawili na kofia za sufi, na bado midomo ilipasuka. Ndiyo maana nilianza kukimbia. Watu hudhani nilikuwa na ndoto kubwa kifuani. La. Nilikuwa natafuta joto.

Nilipanga chumba karibu na barabara kuu, na kila alfajiri kabla ya zamu nilikimbia kando ya seng'enge za mashamba ya ngano. Siku ya kwanza mlinzi wa shamba moja, mzee mwenye rungu, alinisimamisha.

"Msichana, nani anakufukuza?"

"Hakuna, mzee. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kutoroka nani?"

Sikuweza kumridhisha. Wiki nzima alinipisha nipite, kisha akabaki anamulika tochi kule nilikotoka, akimngoja huyo mtu mbaya atokee.

Mwaka uliofuata kampuni ilifanya siku ya michezo ya wafanyakazi. Kulikuwa na mbio za kuzunguka bwawa la maji mara tano. Vijana wa idara ya maji walikuwa wameshaanza kugawana zawadi kabla ya kuanza, maana wao ndio waliozunguka bwawa hilo kila siku wakikagua mabomba. Niliwapita wote kwenye mzunguko wa nne. Sikuwapita kwa majivuno; nilidhani wanapumzika.

Meneja mkuu alikuwepo. Alikuwa Mzungu mrefu, shingo nyekundu kwa jua, aliyekuwa ameishi Kenya miaka mingi hata akajua Kiswahili, ila kilikuwa cha amri tupu: leta, peleka, haraka, bado. Alinitazama nikipokea zawadi yangu ya blanketi, akamwambia mtu aliyesimama kando yake kwa Kiingereza, "Huyu anafanya nini kwenye meza ya waridi?"

Mtu huyo wa kando ndiye afisa wa mauzo. Alikuwa kijana wa kutoka Embu, mwenye tai, sauti ya upole na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Baada ya siku tatu aliniita ofisini ghorofani, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika. Akanieleza kwamba kampuni ingependa kunidhamini. Ningefanya kazi nusu siku, nusu nyingine nifanye mazoezi na kocha wa mji jirani wa Kiirua, na mambo yakienda vizuri ningepelekwa kukimbia nusu marathoni katika mji fulani wa Ulaya ambako waridi zetu zinauzwa sana. Posho ilikuwa zaidi ya mshahara wangu.

"Na mimi nitawapa nini?" nikauliza.

"Jina zuri, dada. Wanunuzi wa siku hizi hawanunui ua peke yake. Wanataka kujua limetoka kwa mikono ya nani."

Nilichukua mkataba nikaupeleka nyumbani Githongo, kwa baba. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mwenye mashina yake ya kahawa. Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akausahihisha ule mkataba kama insha. Alipata makosa mawili ya sarufi kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha akafika mahali palipoandikwa kwamba mwanariadha atasimulia hadithi yake kwa ajili ya matangazo.

"Hapa," akasema. "Hadithi yake. Uliza kama ni yako au ni yao."

Niliona ni maneno ya mwalimu mzee anayependa kukosoa. Nikatia sahihi.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu shamba lile. Lilikuwa na kantini mbili. Moja ya mameneja, yenye vitambaa vya meza, na moja yetu, yenye mabenchi. Hakuna aliyeandika mlangoni nani aingie wapi, lakini sijawahi kuona mtu akikosea. Baada ya kutia sahihi nilialikwa kula kwenye ile ya vitambaa. Meza ilikuwa na Wazungu wanne, Mhindi mmoja wa hesabu, na yule kijana wa Embu. Niliona jinsi alivyokula: mgongo wima, maneno machache, akicheka sekunde moja baada ya wengine kucheka. Siku ya pili nilirudi kwenye mabenchi. Supu yao ya malenge ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyenichokoza.

Kabla ya safari ya Ulaya alikuja mama wa matangazo kutoka makao makuu kule Ulaya, pamoja na mpiga picha. Walitaka kuona nilikozaliwa. Tukaenda Githongo kwa gari la kampuni, afisa wa mauzo akiwa mbele, na mimi nimekaa nyuma na traksuti mpya.

Mama yangu alikuwa amejiandaa kana kwamba askofu anakuja. Chai ilikuwa imechemka, mukimo upo, kuku yupo. Yule mama wa matangazo alisalimia vizuri, akala vizuri, na hata akajifunza kusema "asante sana, mama" mara kadhaa. Lakini nilimwona mpiga picha akizunguka nyumba na uso ukizidi kuanguka. Nyumba ya baba ni ya mawe, na sebuleni kuna vigae vyeupe ambavyo ndugu yangu, karani wa benki mjini Meru, aliwawekea wazazi. Nje kuna bomba la maji. Kuna tangi. Kuna ng'ombe aliyenona kuliko mimi.

"Mto uko wapi?" mpiga picha akauliza.

"Uko bondeni," mama akajibu kupitia kwangu. "Lakini aende mtoni kufanya nini na bomba liko hapa?"

Walinong'ona. Mwishowe walipata walichotaka nyuma ya nyumba: banda la zamani la kuku, la udongo, ambalo baba alikuwa akisema kila mwaka kwamba atalibomoa. Mama wa matangazo akatoa kwenye begi shuka nyekundu ya Wamaasai, bado ina karatasi ya bei ya duka la Nairobi.

"Mimi ni Mmeru," nikamwambia afisa kwa sauti ya chini.

"Ninajua."

"Sasa hii?"

"Ni rangi tu, dada. Inaonekana vizuri na waridi."

Nikajitanda. Nikasimama mbele ya banda, kuku wawili miguuni. Mpiga picha akaangalia kwenye kamera, akatikisa kichwa, akanionyesha miguu yangu. Niliyavua yale maraba ya kukimbilia. Baba alikuwa amesimama kando ya kahawa, mikono mgongoni, kama anavyosimama mtu aliyezoea kusimamia mtihani.

"Viatu vyake vina shida gani?" akauliza kwa Kiingereza chake kilichonyooka.

Mama wa matangazo alitabasamu, nadhani hakujua lile lilikuwa swali. Mpiga picha akapiga. Mama yangu alisema kwa Kimeru, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, kwamba nikikanyaga mavi ya kuku nisiingie kwenye vigae vyake.

Nilicheka kwenye picha ile. Ukiitazama unaona meno yote. Wao waliita ile furaha ya maisha ya kawaida ya Kiafrika. Kumbe ni mama yangu na vigae.

Miezi miwili baadaye zilifika karatasi za plastiki za kufungia maua. Sura yangu ilikuwa juu, na chini kidogo, miguu yangu mitupu. Nyuma kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Yalisema nilizaliwa katika kibanda cha udongo. Yalisema nilikimbia kilomita kumi kila siku kwenda shule bila viatu, kupitia vichaka vya miiba, baba yangu akichoma makaa ili tule. Yalisema waridi ndizo zilizonipa viatu vyangu vya kwanza.

Wenzangu pakhausi walipata raha isiyo na kifani. Kutwa nzima walifunga maua kwa uso wangu. "Leo nimekukunja hadi mkono unauma," mmoja angesema. Mwingine angenishika goti, "Hebu tuone miiba." Supavaiza wa meza yetu, mama wa mapacha mwenye sauti ya kusimamisha trekta, alisoma yale maneno polepole, akaniuliza, "Si baba yako ni mwalimu?"

"Ni mwalimu."

"Na haya makaa?"

"Sijui, mama. Ni matangazo."

Alifikiri kidogo. "Basi usiyaguse. Yanatujengea."

Alikuwa akisema kweli. Kwa kila fungu lililouzwa na picha ile, wanunuzi waliongeza kitu kidogo kwenye mfuko wa wafanyakazi, na sisi tulikuwa tumeamua kwa kura kwamba mfuko huo ujenge dei kea, nyumba ya kulelea watoto wetu. Kabla ya hapo akina mama waliwaacha watoto kwa majirani huko vibandani, kumi katika chumba kimoja, na mtoto wa mmoja alikuwa ameungua kwa uji. Kuta za dei kea zilikuwa zimefika kwenye madirisha. Uongo wangu ulikuwa unanunua saruji.

Ningeendelea kunyamaza kama si ndugu yangu. Rafiki yake anayesoma huko Ulaya aliona maua dukani, akapiga picha, akaituma kwa simu. Ndugu yangu akamwonyesha baba, akidhani ni kichekesho.

Baba alinipigia Jumapili baada ya kanisa.

"Nimesoma," akasema.

"Baba, ni mambo ya biashara tu."

"Kilomita kumi. Ulipitia wapi?"

Shule yetu iko ng'ambo ya barabara. Ukiwa mlangoni kwetu unasikia mwalimu akiita majina.

"Nilikuwa ninapaka viatu vyenu rangi kila Jumapili jioni," baba akasema. "Jozi tano. Mshahara ukichelewa, nilishona mwenyewe. Sasa huko mbali wanaambiwa mimi ni mtu wa kuzaa watoto na kuwatupa kwenye miiba." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Haya. Ukimbie vizuri. Mama yako anakusalimia."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Yule mama wa matangazo hakuja akilini mwangu. Niliwaza kwamba miguu ile ni yangu, na hakuna aliyenishika kunivua.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Ulaya, pamoja na afisa wa mauzo. Mji ule ni mzuri. Una mto katikati na watu wanaotembea haraka bila kwenda popote. Usiku wa kwanza tulikula na wanunuzi wa maua. Mke wa mmoja wao, mama mpole mwenye mvi, alinishika mikono akalia kidogo. Kisha akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na viatu vya watoto, vimetumika lakini safi, vya ndugu zangu wadogo. Ndugu yangu mdogo ana ndevu. Nilimshukuru, kwa maana ndivyo nilivyolelewa, na pia kwa sababu alikuwa ametoa kwa moyo. Tulipotoka nilimwangalia yule kijana wa Embu. Hakucheka. Alikuwa ameukazia macho ule mfuko kwa namna ambayo sikuielewa.

Siku mbili kabla ya mbio kulikuwa na mkutano na wanahabari. Tuliketi mezani wakimbiaji sita, nyuma yetu ukuta wa majina ya wadhamini, mbele yangu chombo cha waridi zetu. Wengine waliulizwa habari za mazoezi, chakula, muda waliolenga. Ikafika zamu yangu. Mwanahabari mmoja akauliza kwa upole kabisa:

"Ulipokuwa unakimbia zile kilomita kumi kila asubuhi bila viatu, ulikuwa unawaza nini?"

Nilifungua mdomo kusema nililoambiwa niseme, kwamba nilikuwa nikiwaza siku njema zijazo. Nikaona jozi tano zimepangwa barazani Jumapili jioni.

"Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara," nikasema. "Na bado nilichelewa kila siku. Baba yangu ndiye aliyekuwa mwalimu. Nadhani mimi ndiye mkimbiaji pekee hapa aliyewahi kuadhibiwa kwa kuchelewa mita mia moja."

Ukumbi ukacheka. Mkimbiaji wa Ethiopia aliyekaa kando yangu, alipotafsiriwa, alipiga meza kwa kicheko.

"Na viatu?" yule mwanahabari akauliza, sasa macho yamemtoka.

"Nilikuwa navyo. Vyeusi, vya kufunga kamba. Siku ya picha nilivivua kwa sababu niliambiwa, nami nikakubali. Wazazi wangu hawakosi kitu. Karibuni kwetu mnywe chai."

Kicheko kikaisha. Mama wa matangazo, aliyesimama mlangoni, alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Afisa wa mauzo alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso niliona anacheka.

Mbio zenyewe nilizikimbia kama mtu aliyetua gunia. Mvua ilikuwa ndogo na baridi ilikuwa ile ile ya pakhausi, nikajiona nyumbani. Nilimaliza wa tano, muda wangu bora hadi leo. Hakuna aliyekuja kunipongeza kutoka kwenye hema la wadhamini isipokuwa yule mama mwenye mvi. Aliniuliza kama ninataka kumrudishia viatu. Nikamwambia hapana, wako watoto wa wenzangu kazini watakaovivaa. Viatu havikuwa na kosa lolote.

Hofu ilinipata tuliporudi Timau. Habari zilikuwa zimenitangulia. Nilipoingia pakhausi, supavaiza aliweka maua chini.

"Kwa hivyo wewe umekwenda kujisafisha Ulaya," akasema mbele ya watu wote. "Na sisi watoto tutawaacha wapi? Saruji imesimama, umesikia? Fundi ameambiwa angoje."

"Nilisema ukweli, mama."

"Ukweli wako una paa? Dei kea haina!"

Nilishika kisu changu nikaanza kukata mashina, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenichokoza.

Alasiri tuliitwa ghorofani: mimi, afisa wa mauzo, na, kwa kuwa wafanyakazi walidai wawe na mwakilishi, supavaiza mwenyewe akiwa na gambuti zake. Meneja mkuu alikaa kichwani mwa meza. Mama wa matangazo alikuwa kwenye skrini ukutani. Alisema kampuni imeaibika. Alisema makao makuu yaliamini kila neno, kwamba hadithi waliletewa kutoka huku, kwa hiyo ajulikane nani aliyedanganya.

Meneja akanigeukia. Kabla sijasema, kijana wa Embu alisimama, akaifungua tai yake kidogo.

"Hadithi ile si ya uongo," akasema. "Ni yangu."

Akaeleza, kwa utulivu, kama anayesoma bei za soko. Alizaliwa upande wa Mbeere, chini kule kukavu, mbali na majani ya chai ambayo watu huyaona wakisikia Embu. Baba yake alichoma makaa. Alikwenda shule miguu mitupu hadi darasa la saba, na miiba ya kule haina huruma. "Madam, ulinipigia ukaniuliza kama nina hadithi ya namna hiyo. Ninayo. Lakini ulisema unataka uso wa msichana anayekimbia. Nikatoa yangu nikamvika yeye. Nilikosea. Sikumwuliza yeye wala baba yake."

Meneja alimkazia macho. Walikuwa wamekula meza moja miaka sita.

"Kwa nini hujawahi kuniambia?" akauliza.

"Hujawahi kuniuliza, bosi. Huniuliza bei ya sanduku tu."

Nilimwona Mzungu yule akitafuta pa kuweka mikono yake. Mwishowe aliiweka juu ya meza, akaitazama. Mama wa skrini akaanza kusema kuhusu kusitisha kampeni yote na mfuko wote, na hapo supavaiza akanyanyua mkono kama mtoto wa shule, kisha hakungoja kupewa ruhusa.

"Mimi Kizungu changu ni kidogo, huyu atatafsiri," akasema akininyooshea kidole. "Wewe mama, mnataka watu wajue ua limetoka kwa mkono wa nani. Huyu siku hizi anafunga nusu siku tu, nusu anakimbiakimbia. Sisi ndio tunafunga. Si mtupige sisi picha? Tuko wengi, tuna gambuti, tuna meno. Muandike tunataka dei kea kwa sababu tuna watoto na tuko kazini. Hiyo hakuna mtu atakuja kusema ni uongo."

Nilitafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza, isipokuwa lile neno la kukimbiakimbia, ambalo nililiita mazoezi.

Kisha meneja akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kukaa wima. "Haraka," akasema, kwa Kiswahili chake. "Leta picha. Peleka."

Haikuwa rahisi kama alivyosema. Makao makuu yalivutana na mawakili majuma kadhaa. Afisa wa mauzo alipewa barua ya onyo, na mimi nilipunguziwa posho, jambo ambalo niliona ni haki, kwa maana nami nilikula ile ya uongo bila kutapika. Lakini picha ilipigwa. Siku hiyo pakhausi haikufanya kazi hadi saa nne kwa sababu ya ugomvi wa nani asimame mbele. Wanawake kumi na mmoja, kofia za sufi, gambuti hadi magotini, supavaiza katikati akiwa amejipaka rangi ya mdomo iliyopita mpaka. Karatasi mpya zilipotoka tulizifunga kwa heshima, ila yeye alikataa kufunga yoyote ambayo imemkunja shavu. Nilimwuliza afisa kama mauzo yameanguka. Akasema hakuna aliyerudisha ua. Dei kea ikapata paa, na siku ya kufunguliwa watoto walilia wote kwa pamoja mama zao walipoondoka, hata tukajiuliza kama tulifanya vizuri.

Mwezi uliofuata kijana wa Embu aliniomba nimpeleke Githongo. Alikuja na sukari, majani ya chai na asali ya kwao Mbeere kwenye chupa ya soda. Baba alimpokea, akamwonyesha kiti. Mama alileta chai.

"Mwalimu," kijana akasema, "nilikuweka kwenye makaa ambayo si yako. Nimekuja kuomba msamaha."

Baba alikunywa chai yake. "Yale maneno uliandika wewe mwenyewe? Si wao?"

"Mimi mwenyewe."

"Kiingereza chake ni safi." Akaweka kikombe mezani. "Hizo kilomita kumi ni kweli?"

Kijana akajikuna shingo. "Zilikuwa sita, Mwalimu. Wao walitaka iwe mbali."

"Sita zinatosha," baba akasema. "Mtoto akitembea sita bila viatu, nani atamdai nne zaidi? Baba yako yuko hai?"

"Yuko. Bado anachoma."

"Anajua umeuza hadithi yake?"

Kijana alitikisa kichwa. Baba hakumsukuma. Alimwita waende kuangalia kahawa, na wakazunguka shamba zima, baba akieleza jinsi ya kupogoa, kijana akisikiliza kwa makini ya mtu ambaye kwao hakuoti kahawa. Walirudi wakibishana kuhusu asali. Mama akamfungia mukimo wa njiani, na kumwambia kwamba ile shuka ya Wamaasai iliyosahauliwa anaitumia kufunikia maziwa yasiingie nzi.

Nilikimbia misimu mitatu zaidi, nikapata medali mbili za mbio za humu nchini na mshipa wa kisigino uliokataa kupona. Sasa nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kiirua, na Jumamosi ninafundisha wasichana wanaotaka kukimbia. Supavaiza amestaafu lakini bado huja kununua chanjo ya kuku na kulalamika bei. Meneja alirudi kwao, na nasikia aliyeshika nafasi yake ni mama wa Meru ambaye alianza kwa kubomoa ukuta kati ya kantini mbili, kisha akagundua kwamba watu wanakaa pale pale walipozoea.

Kijana wa Embu aliacha maua mwaka ule ule wa picha mpya. Anafanya kazi na wafugaji wa nyuki kwao, na tai amebaki nayo. Juzi alinipigia akasema mke wake amejifungua mtoto wa kike, na kwamba baba yake mzee ametuma neno: watu wa Githongo lazima waje. Tunaondoka Jumamosi asubuhi. Mama ameshaagiza mkungu wa ndizi na kumchagua kuku, na baba amesema atakaa mbele garini, apende dereva asipende.